Usiniambie Kitamu

Ukila kile kitu chake ukasema "kitamu", alikunyang'anya bakuli. Sitanii. Nilimwona akimnyang'anya padri, sikukuu ya mavuno, mbele ya waumini, padri akabaki na kijiko mkononi hajui akipeleke wapi. "Kitamu ni neno la mtu asiyetafuna," alimwambia. "Niambie kimekufanya nini." Padri wa watu akafikiri, akasema kimemkumbusha dada yake marehemu, na hajui kwa nini. Akarudishiwa bakuli lake.

Nitamwita Mwalimu, maana hata mumewe alipokuwa hai alimwita hivyo hivyo. Alitufundisha sayansikimu shule ya msingi, wavulana kwa wasichana: kupika, kufua, kushona kifungo kikashonwa kikashoneka. Baadaye mimi nilipooa tukawa majirani pale Mkomaindo, Masasi, uzio wa miti tu katikati yetu, miaka kumi na minane. Alipostaafu akarudi kwao Makote, kule juu Newala, kwenye mikorosho yao. Mimi leo ni fundi simu, lakini zamani hizo nilikuwa na kibanda cha video, na utaona kibanda hicho kinaingiaje katika habari zake.

Nasema habari zake kwa sababu mwaka jana ilinibidi kumwambia jambo ambalo watoto wake walishindwa kumwambia, na kwa miezi mingi nami nilishindwa, tena kwa woga mtupu. Jambo lenyewe ni hili: ulimi wake ulikuwa umekufa. Baada ya homa iliyomlaza wiki tatu, hakusikia tena ladha wala harufu. Na alikuwa bado anapika.

Kwanza nieleze kile kitu, maana bila hicho huwezi kumjua. Hakikuwa na jina. Watu wa kanisani walikiita pudini, watoto walikiita uji wa Mwalimu, yeye alikiita "kile kitu". Kwetu msimu ukifika mabibo, yale matunda ya mkorosho, huwa mengi kuliko midomo. Mengine watu wanakamua pombe ya uraka, mengine yanaozea chini ya mikorosho. Yeye aliyakausha juani mpaka yakawa kochoko, akayachemsha, akayaponda na boga, akamimina tui la nazi, akatia korosho alizochoma na kubangua kwa mkono wake. Mpaka hapo ni chakula cha mtoto. Halafu ndipo alipoanza mambo yake. Sukari aliiunguza mpaka inakaribia masizi. Chumvi alitia kupita adabu. Pilipili kichaa aliichemsha ndani ya tui, akaitoa, usiione kabisa. Kikalala chunguni usiku mzima, asubuhi kikaliwa baridi.

Mara ya kwanza kunipa, alinipitishia juu ya uzio. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeonyesha kibandani filamu moja iliyonitia hasara ya wateja. Haikuwa na jini, haikuwa na panga, haikuwa na risasi. Nyumba nzuri, baba, mama na binti mmoja. Mama anaandaa meza, anaweka sahani nne. Watu ni watatu. Hakuna anayeuliza. Wanakula, wanataniana, wanacheka. Kesho yake sahani nne tena, na ile ya nne inarudi jikoni imekwisha liwa. Basi, ni hivyo tu mpaka mwisho. Wateja wangu waliozoea mateke walianza kwa kusonya, lakini hakuna aliyeinuka. Ilipokwisha wakatoka kimya. Mmoja, mbeba mizigo mwenye kifua kama mlango, aliniomba nimsindikize mpaka barabarani, na ilikuwa saa kumi alasiri.

Kwa hiyo nilipokula kile kitu, nikaiona filamu yangu imo ndani ya bakuli. Nikamwambia hivyo hivyo, maana nilishaona ya padri. Kijiko cha kwanza, nikamwambia, ni ile nyumba nzuri, boga na tui, unakaribishwa, unavua viatu. Kisha chumvi, na unajiuliza mbona chumvi, kama ulivyojiuliza mbona sahani nne, lakini unaona aibu kuuliza kwa watu. Halafu ule ukakasi wa bibo unakamata ulimi, unavuta mashavu kwa ndani, na hapo unajua kuna mtu humu ndani ambaye hujaonyeshwa. Sukari iliyoungua ni sahani kurudi tupu. Na pilipili haiji wakati unakula. Inakuja umeshameza, umeshaweka bakuli chini, unajiona umesalimika.

Mwalimu akakaa chini, juu ya ndoo aliyokuwa nayo. Akauliza, "Hiyo filamu unaonyesha tena lini?"

Kesho yake mchana akaja kibandani na mwavuli wake, mama mtu mzima wa kanisa, vijana wote wakasimama na kuamkia shikamoo kama wako darasani. Akajibu marahaba, akawapita wote akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, mgongo ukutani. Alisema hapendi kitu kiwe nyuma yake. Akaitazama mpaka mwisho. Pahali pa kutisha hakufumba macho, aliziba masikio. "Macho hayaogopi," aliniambia. "Kinachoogopa ni masikio." Sijui alilitoa wapi hilo, lakini jaribu utaona.

Tangu siku hiyo kila nikipata filamu ya namna ile nilimtumia habari, na kila akipika alinipa bakuli. Za damu hazikumpendeza. "Damu ni pilipili ya kumwagiwa," alisema, "mtu anakohoa tu, hajaogopa." Akitoka kibandani aliweza kuniambia kwamba leo chumvi imewahi mno, akimaanisha mwenye filamu ameonyesha jambo lake mapema. Nami nikila nilimwambia leo mgeni amekawia mlangoni, ongeza ukakasi. Mke wangu akitusikia juu ya uzio alidhani tumerogwa. Si uongo, yale yalikuwa mazungumzo ambayo sikuwa nayo na mtu mwingine yeyote duniani, na nayakosa mpaka leo.

Usidhani alikuwa mtu wa maajabu. Alikuwa mkali, mdomo wake haukuwa na subira, na aliingilia mambo ya watu. Alikufundisha kwamba uchawi ni ujinga, akakuandikia ubaoni, halafu akiwa anakoroga chungu ole wako upite nyuma yake. Alikataza umbeya, na habari zote za Mkomaindo ukitaka kuzipata zikiwa nzima ulikwenda kwake. Sisi ni Waislamu; mwezi wa Ramadhani hakuna siku ambayo futari yetu ilikosa kitu kutoka upande wake wa uzio, lakini mke wangu akimshukuru alijibu, "Umeikaza mno ile chapati yako ya jana." Sifa hakutaka, wala hakutoa. Ukimsifu alikukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Na yeye mwenye kudai ukweli alinidanganya mara moja, waziwazi. Watu walipoanza kutazama kila kitu kwenye simu zao, kibanda changu kikafa. Nilipovunja mabenchi alisimama kwenye uzio akaniambia ni afadhali, macho yake yamechoka, filamu zilikuwa zimeanza kumchosha. Wiki mbili baadaye akaja na simu ya binti yake ameificha ndani ya kitenge, ananiomba nimwekee filamu, yoyote, ilimradi isiwe ya damu. Nikamwekea tatu.

Siku moja nilimuuliza, Mwalimu, kwa nini unapika chakula cha kutia watu wasiwasi? Akasema walipokuwa wadogo kulikuwa na mwaka wa njaa, na mama yao alikuwa akienda porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni. Akiipika anawaita kwa nyimbo, anawaambia leo sikukuu, kuleni, na wao wakala kwa furaha, wakaamini ni sikukuu kweli, siku baada ya siku. "Tumeshakuwa watu wazima ndipo shangazi akatuambia kwamba mama hakuwa anakula. Alikuwa anatuangalia tu. Tangu hapo utamu mtupu nauogopa, Baba Zuhura. Ukinipa kitu kitamu tu, nauliza ni nani ambaye hajala."

Ndiyo maana, nadhani, alishika sana ile desturi yetu ya mpishi kuonja kwanza mbele ya wageni. Wengine siku hizi wanaonja kwa mzaha, ncha ya kijiko, wanacheka, twendeni. Yeye alisimama wima, akajaza kijiko, akala, akameza, akafungua mdomo mkaona, ndipo akawapa. Hakuna aliyekula kwa Mwalimu akiwa na shaka na mkono wake.

Basi homa ikaja, ikapita. Miezi kadhaa baadaye binti yake, Mama Tumaini, mwenye duka la vitenge Masasi mjini, alinijia kazini na kibakuli kimefungwa kwa kitambaa. "Onja, halafu uniambie." Nikaonja. Pilipili ilinipiga kabla sijafunga mdomo, nyuma yake chumvi kama ya samaki wa kukausha. Boga sikulisikia. Nikaelewa baadaye kwamba pilipili ndiyo kitu pekee alichokuwa anakisikia bado, kwa hiyo alikuwa anaiongeza.

"Anajua?" nikauliza.

"Hajui. Sote tunamwambia kitamu, mama." Akakunja kile kitambaa, akakikunjua. "Na siku hizi hanyang'anyi mtu bakuli."

Hilo liliniuma kuliko pilipili. Mama Tumaini akanishika mkono. "Ukienda Makote msifie tu, Baba Zuhura. Ndicho kilichobaki kwake. Ukimwondolea hicho atakaa tu barazani akingoja kufa."

Nikakubali. Nilikwenda kumwona Pasaka, nikaenda tena wakati wa mavuno, na mara zote mbili nilikula nikamwambia maneno ya zamani, sahani nne, mgeni mlangoni, niliyakariri kama mtoto anayesoma shairi asilolielewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante." Katika miaka yote ile hakuwahi kuniambia asante kwa maneno. Nilishuka Masasi nimejichukia.

Ndipo Tumaini, mjukuu wake, akapata mchumba. Kwetu mambo ya ndoa yanatazama upande wa mama, kwa hiyo ikaamuliwa wenye posa wapokelewe Makote, kwa bibi, Jumamosi saa nne asubuhi. Mama Tumaini alibanwa na duka, akanituma Ijumaa nitangulie na nazi. Nikamkuta Mwalimu amekaa kivulini nyuma ya jiko, jiwe mkononi, anabangua korosho, kando yake ungo umeshajaa nusu. Nikamwamkia, akaniitikia bila kuinua kichwa. Mdomo wake wa chini ulikuwa umevimba, umepakwa mafuta. Alisema ni jua.

Nikaokota korosho moja nikatupa mdomoni, kama mtu yeyote anavyofanya akipita karibu na ungo. Sikuitafuna mara tatu. Ule ukali wa mafuta ya ganda, kila aliyezaliwa huku anaujua. Ulianzia kwenye meno, ukaja midomoni ukaanza kuwasha. Korosho zilikuwa zimetolewa motoni mapema, mafuta yake hayajaungua. Mtoto wa mkulima wa korosho hafanyi kosa hilo. Lakini Mwalimu hakuwahi katika maisha yake kutazama moto wa korosho. Alikuwa akikaa mbali na moshi, amegeuza uso, na pua yake ndiyo iliyomwambia sasa toa.

Nikauangalia ungo, nikaiona kesho. Wageni wanakula wanashukuru, saa moja baadaye wako njiani midomo inawavimba. Watu watasema nini? Watasema bibi wa binti ni mchawi, na hakuna ubao wa shule utakaofuta hilo. Posa ingekufa, na Mwalimu angeiua kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo angejua. Nilifikiria kuupiga teke ungo nijifanye nimejikwaa. Kweli nilifikiria. Hata mguu nilishauvuta.

"Umezichoma lini hizi, Mwalimu?"

"Jana. Kwani?"

"Ulikuwa na nani?"

"Tangu lini nikahitaji mtu wa kunichomea korosho?"

Nikachuchumaa mbele yake ili nisimwambie nikiwa nimesimama. "Korosho hizi hazijaiva. Zinaunguza. Ndizo zilizokuvimbisha mdomo. Na kile kitu cha Pasaka, na cha mavuno, nilikudanganya. Havikuwa vyenyewe. Nisamehe."

Alibangua nyingine mbili. Kisha akaweka jiwe chini.

"Cha Pasaka kilikuwaje?"

"Pilipili imetangulia. Ni filamu inayoanza na maiti mezani, halafu hakuna kitu tena."

"Chumvi?"

"Nyingi mno."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayesahihisha daftari. "Nilijua," akasema. "Nilijua tangu masika. Nilitia sabuni ulimini, nikakaa nayo, sikusikia kitu. Nilichokuwa sijui ni nani kati yenu bado ananiona mtu mzima."

Halafu akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mumewe alihudumia watu tu. Alilia ameshika ungo kwa mikono miwili, na mimi nikakaa pale pale chini nikalia naye kidogo. Sikuona aibu, na leo sioni.

Alipomaliza akajifuta kwa kitenge. "Mficha maradhi kilio humfichua," akasema, akauinua ungo, akaenda kuzifukia korosho zile ili kuku wasizipate. Akarudi na nyingine mbichi, akanielekeza bati lenye matobo juu ya mafiga. "Washa. Wageni ni kesho."

Nikachoma mimi. Yeye akakaa palepale alipozoea kukaa, uso ameugeuza.

"Moshi unanukaje?"

"Kama lami."

"Bado. Geuza."

Nikageuza, macho yananitoka machozi.

"Sasa?"

"Bado lami. Lakini kwa mbali kuna kitu kama mkate."

"Kwa mbali haitoshi."

Tukaendelea hivyo mpaka nikamwambia mkate umeshinda lami, akasema epua. Sukari nayo vilevile, aliniuliza imefika rangi gani, inanuka nini, imeanza kukukera puani au bado. Chumvi nilitia mimi. Pilipili alinikataza mara mbili. Jua lilipoinama chungu kilikuwa tayari, akanipa kijiko, akakaa mbele yangu karibu kabisa, magoti yetu yakakaribia kugusana. "Usiseme neno," akaniambia. "Kula." Nikala. Hakuyatoa macho yake usoni pangu, kutoka kijiko cha kwanza mpaka pilipili ilipofika. Kisha akafunika chungu. Nikaenda kulala kwa jirani.

Jumamosi wageni wakaja, watu saba, mbele yao bibi mzaa baba wa kijana, mkongwe aliyejitanda kanga mbili, mtu wa maneno machache. Salamu zikaisha, maneno ya posa yakasemwa, chungu kikaletwa. Mwalimu akasimama kama desturi. Mama Tumaini akanitazama kwa hofu, na mimi nikatazama chini.

"Wakwe zangu," Mwalimu akasema, "mpishi huonja kwanza. Lakini sitaki tuanze undugu kwa kufichana. Mimi homa ilichukua ulimi wangu. Nikila hiki ni sawa na kula maji. Kwa hiyo nitaonja kwa kumwamini huyu jirani yangu, aliyeniambia ukweli jana, na ninyi mtaamua kama mnaniamini mimi."

Mtu mmoja upande wa wageni akakohoa. Mwalimu akajaza kijiko, akala, akameza, akafungua mdomo wakaona. Akampa bakuli yule mkongwe kwa mikono miwili.

Mkongwe akalishika muda mrefu. Akachota, akala. Akachota tena, akasita, akamtazama Mwalimu, akala. Kijiko cha tatu mashavu yake yakaingia ndani, macho yakaenda mbali, mbali sana na kile kibaraza, na mkono wenye kijiko ukatua mapajani. Akameza. Akaweka bakuli chini. Kisha polepole akainua ncha ya kanga akaziba mdomo, na juu ya kanga macho yake yakajaa.

Mama Tumaini alinigusa kwa kiwiko nimwambie mama yake kimemfanya nini mgeni. Nikamwangalia Mwalimu. Alikuwa ameinama mbele, hapepesi, anausoma uso wa yule bibi mstari kwa mstari, na mdomo wake mwenyewe, ule uliovimba, ulikuwa unasogea kidogo kidogo. Sikumwambia kitu. Alikuwa anaona mwenyewe.